Urithi Tulioachiwa Kwenye Bomba la Ruvu



Asubuhi moja ya kiangazi nilipita Kongowe, Kibaha, pembeni mwa barabara ya Morogoro. Karibu na njia ya bomba kubwa kulikuwa na kisanduku cha saruji ambacho mfuniko wake ulishapotea. Ndani yake koki kuukuu ilikuwa inavuja, na maji yamejaa mpaka ukingoni. Akina mama na watoto walikuwa wamepanga madumu. Mmoja alikuwa anachota kwa kikopo, mwingine anafua nepi hatua mbili tu kutoka hapo, na mbuzi naye alikuja akanywa kwa zamu yake.

Mama mmoja namfahamu. Mtoto wake alikuwa hajatimiza miaka miwili, na tangu kiangazi kianze alikuwa ameshaletwa zahanati mara mbili kwa kuhara. Nikamwuliza kama maji yale anayachemsha. Alinitazama kwa mshangao.

"Dokta, haya si maji ya Ruvu? Si yameshatiwa dawa huko Mlandizi? Sasa nichemshe ya nini, na mkaa ulivyo ghali?"

Mimi si daktari, lakini katika zahanati zetu kila mwenye koti jeupe huitwa hivyo. Nilitaka kumjibu harakaharaka nikaona swali lake ni zito. Ni kweli maji yale yametiwa dawa. Ni kweli pia kwamba yanamwumiza mtoto wake. Ili kuelewa jinsi mambo hayo mawili yanavyoweza kuwa kweli kwa wakati mmoja, inabidi tulijue bomba lenyewe: limetoka wapi, lilijengwa na nani, na waliolijenga walikuwa wanaogopa kitu gani.

BOMBA LENYEWE

Mtambo wa maji wa Ruvu Juu, ulioko Mlandizi, ulijengwa mwaka 1959, miaka miwili kabla ya Uhuru wa Tanganyika. Kabla yake Waingereza walikuwa wamejenga mtambo mdogo zaidi pale Mtoni, Dar es Salaam, mwaka 1949. Huo ulichota Mto Kizinga, ambao unaanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe. Kwa hiyo Kisarawe ilitangulia kuunywesha mji, Kibaha ikafuata. Mtambo wa tatu, Ruvu Chini, upande wa Bagamoyo, ulijengwa mwaka 1976, sisi wenyewe tukiwa tumeshika usukani.

Wageni hawa hawakuwa wa kwanza kuyatafuta maji ya Ruvu. Wajerumani walipoanza kujenga reli ya kati mwaka 1905, njia ilipita Pugu, ikaja Soga na Ruvu, na mwaka 1907 ikafika Morogoro. Garimoshi la mvuke linakunywa maji kama ng'ombe wa mbugani, na lisipoyapata linasimama. Mhandisi wa reli alilazimika kufikiria maji kila baada ya umbali fulani, tangi na pampu yake. Lakini maji yale yalikuwa ya injini. Binadamu wa Soga alibaki na kisima chake.

Tufuate basi tone moja la maji kutoka mtoni hadi Kongowe. Ruvu inakuja na rangi ya chai ya maziwa, hasa masika. Pampu inayavuta maji hayo hadi mtamboni, na hapo yanatiwa dawa ya kugandisha tope. Wazee wetu waliijua dawa ya namna hiyo kwa jina la shabu. Chembe ndogondogo za udongo, ambazo peke yake kila moja ingeelea siku nzima, zinashikamana, zinakuwa nzito na kuzama. Maji yanatulizwa katika mabwawa ya saruji, kisha yanapitishwa katika tabaka nene la mchanga. Mwisho yanatiwa klorini, ambayo inaua vijidudu vilivyoponyoka mchangani. Hapo ndipo pampu nyingine zinayasukuma kupanda kuelekea Kibamba na Kimara, na kutoka Kimara yanateremka yenyewe kwenda mjini.

Klorini haitiwi ya kutosha kuua tu. Inaongezwa kidogo ili ibaki ndani ya maji, kama nusu miligramu hivi katika kila lita, iyasindikize njiani. Ile harufu ambayo watu wengi wanailalamikia ndiyo mlinzi huyo. Maji ya bomba yasiyo na harufu yoyote huenda mlinzi wake ameishia njiani.

WALIJIFUNZA KWA MISIBA

Utaratibu huo haukubuniwa mezani. Ulinunuliwa kwa maisha ya watu wengi, na sehemu ya bei ililipwa hapa hapa pwani kwetu.

Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walianzisha misheni ya Bagamoyo mwaka 1868. Mwaka uliofuata kipindupindu kikaingia Unguja, na maiti zilikuwa nyingi mno mjini. Daktari mmoja Mwingereza aliyefanya kazi Unguja siku zile, James Christie, aliandika kitabu kizima juu ya magonjwa hayo ya mlipuko, kikachapishwa London mwaka 1876. Mji wa Unguja ulikuwa umebanana, na visima vilikaa katikati ya nyumba na vyoo.

Sayyid Barghash alitawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888. Alikuwa ameona miji ya wenzake, na mwaka 1875 alifika hadi Uingereza. Ndiye aliyeyaleta mjini maji ya Chemchem kwa mfereji na mabomba, kutoka kaskazini ya mji, ili watu waache visima vya uani. Hadi leo Waunguja wengi hulita bomba la nyumbani mfereji. Waingereza walipoitangaza Zanzibar kuwa nchi iliyo chini ya ulinzi wao mwaka 1890 walikuta kazi hiyo imekwisha kuanza, wao wakaiendeleza. Nalisema hili kwa sababu vijana wetu hufundishwa kana kwamba kila bomba la zamani lililetwa na Mzungu.

Mgeni akienda Mji Mkongwe leo anaonyeshwa hamamu ya Hamamni ya Barghash huyo huyo, na analipa kiingilio. Ni jambo jema. Lakini ni wangapi wanaonyeshwa chemchemi? Bafu la kuogea tumelihifadhi. Maji yaliyowaokoa watu na kipindupindu tumeyasahau.

Msiba mwingine ulitokea Ulaya, wakati Wajerumani wakiwa tayari wanatawala pwani yetu. Mwaka 1892 kipindupindu kiliingia Hamburg, mji wao mkubwa wa bandari, kikaua watu zaidi ya 8,000. Ubavuni mwa Hamburg, nyumba kwa nyumba, ulikuwepo mji mwingine uitwao Altona. Miji yote miwili ilikunywa mto mmoja, Elbe. Hamburg ilichota upande wa juu na kuyapeleka maji majumbani bila kuyachuja. Altona ilichota upande wa chini, baada ya vinyesi vya Hamburg kumwagwa mtoni. Ungetazamia Altona ndiyo iteketee. Lakini Altona ilikuwa inayapitisha maji yake kwenye mchanga, polepole, na ugonjwa uliigusa kidogo tu. Kulikuwa na mitaa ambayo mpaka wa miji ulipita katikati yake. Upande huu wa barabara kulikuwa na vilio, na ng'ambo watu walikuwa wazima.

Robert Koch, aliyekwisha kukitambua kijidudu cha kipindupindu mwaka 1884, alitumwa Hamburg, na hesabu ya miji ile miwili ikawa ushahidi ambao hakuna aliyeweza kuubisha. Mwaka uliofuata Hamburg ikaanza kutumia machujio yake. Koch huyo huyo alifika Dar es Salaam mwaka 1897 kuchunguza malaria.

Ajabu ya mchanga ni kwamba haukamati kama kung'uto tu. Maji yakipita polepole kwa siku nyingi, juu ya mchanga hujengeka utando mwembamba wenye utelezi, umejaa viumbe vidogo visivyo na madhara kwetu, navyo hula vile vyenye madhara. Mtambo wa Mlandizi unachuja kwa kasi zaidi na hautegemei utando huo, ndiyo maana klorini hapo ni ya lazima. Lakini chimbuko la mambo ni moja.

KWA AJILI YA NANI?

Tusidanganyane. Bomba la 1959 halikujengwa kwa ajili ya Kongowe. Lilijengwa kwa ajili ya Dar es Salaam, na hata huko si kwa kila mtu sawa. Sheria ya ujenzi ya Wajerumani ya mwaka 1914 ilikuwa imeugawa mji ule sehemu tatu, na Waingereza waliendelea na mgawanyo wa namna hiyo: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Huko Uzunguni maji yaliingia ndani ya nyumba hadi bafuni. Uswahilini watu walipanga foleni kwenye bomba la mtaani.

Bomba lilipita Kibaha kama basi la moja kwa moja, halisimami vituoni. Kuna sababu ya kihandisi pia. Kati ya Mlandizi na Kibamba maji yanasukumwa na pampu kupanda mlima, kwa nguvu kubwa. Ukitoboa hapo kiholela unavuruga mkondo wote.

Baada ya Uhuru tulijaribu kurekebisha. Mwaka 1971 Serikali ilianza mpango wa miaka 20, kwamba ifikapo 1991 kila mwananchi wa kijijini awe na maji safi katika umbali usiozidi mita 400. Nia ilikuwa njema, ila mwaka 1991 ulifika na wengi bado walikuwa na ndoo kichwani. Miaka ya karibuni kazi kubwa imefanyika. Mtambo wa Ruvu Juu ulipanuliwa kutoka lita milioni 82 kwa siku hadi lita milioni 196, ukazinduliwa mwaka 2017 pamoja na bomba jipya kubwa. Kisarawe mjini, walioyaona maji ya Kizinga yakiwakimbia miaka 70, waliletewa bomba kutoka Kibamba mwaka 2020. Kibaha nayo imeunganishiwa watu wengi. Lakini kuunganishwa ni jambo moja, na maji kutoka kila siku ni jambo jingine.

JIBU LA SWALI LA MAMA

Basi, maji yale ya kwenye kisanduku yana kasoro gani?

Yalipotoka Mlandizi yalikuwa salama. Maadamu bomba limejaa na lina nguvu, tundu linavujisha maji kwenda nje na hakuna kinachoingia. Hatari huja pampu zinaposimama, umeme ukikatika au mgao ukianza. Maji yaliyomo yanateremka kuelekea mabondeni, bomba linabaki na utupu, nao utupu huo unavuta. Kupitia tundu lile lile lililokuwa linatoa maji safi, sasa linaingia tope la kwenye kisanduku: maji ya nepi, mate ya mbuzi, na yote tuliyoyaona. Pampu zikiwashwa tena uchafu huo unasafirishwa mbele, kwa mtu asiyejua lolote, anayelipa bili yake kila mwezi.

Na anayechota kwenye kisanduku hangoji hata pampu zisimame. Maji aliyoyachota yalishaacha kuwa ya bomba tangu yalipogusa udongo. Klorini kidogo iliyobaki inamalizwa na uchafu kwa muda mfupi sana.

Koki zile wanaofahamu huziita vali. Nyingine zimewekwa sehemu za mwinuko ili kutoa hewa iliyonaswa bombani, kwa maana hewa huweza kuzuia maji kama kizibo. Mtu anayeilegeza vali ili apate dumu moja, au anayeiba mfuniko akauze chuma chakavu, hamwibii Mwingereza aliyekufa zamani. Anafungua mlango ambao watangulizi wetu waliufunga kwa gharama ya maelfu ya makaburi.

Hatuna haja ya kwenda Hamburg kutafuta mifano. Agosti 2015 kipindupindu kilianzia Dar es Salaam kikasambaa mikoa mingi, na mwaka 2016 kilikuwa bado kinatembea nchini. Maelfu waliugua, na wengi waliokufa wangeweza kupona kwa maji ya chumvi na sukari tu kama wangewahi.

MTAMBO WA NYUMBANI

Kazi inayofanyika Mlandizi kwa mashine inaweza kufanyika jikoni kwa ndoo tatu. Utaratibu ni ule ule, na haifai kuruka hatua.

Anza na chanzo. Kama unatumia kisima, kiwe angalau mita 30 kutoka chooni, na kikae upande wa juu wa choo. Kijengewe ukuta mdogo pembeni, kifunikwe, na kiwe na ndoo yake moja ambayo haiwekwi chini. Ardhi ya Kibaha sehemu nyingi ni ya kichanga, na mchanga uliolegea hupitisha maji ya choo haraka kuliko udongo wa mfinyanzi. Kama unatumia bomba, siku maji yanaporudi baada ya mgao usikinge ya kwanza kwa kunywa. Yaache yatoke mpaka yawe meupe, na hayo ya kwanza ukasafishie choo au kumwagilia mchicha.

Kisha tuliza. Maji yenye tope yaache ndani ya ndoo iliyofunikwa kwa siku nzima, halafu mimina yale ya juu taratibu katika ndoo ya pili. Ukipata mbegu za mlonge, zimenye, zitwange, na unga wa mbegu moja hivi kwa lita moja ukoroge polepole. Utaona tope linashuka. Ni shabu ya shambani hiyo. Kwa wanaochota Ruvu au madimbwi ya bondeni, maji yakikaa siku mbili vijidudu vya kichocho vilivyomo hufa vyenyewe, maana haviwezi kuishi muda mrefu bila kumpata mtu wa kumwingia. Vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo havifi hivyo.

Ndiyo maana ipo hatua ya kuua, na hapa narudi kwenye mkaa. Wengi tulifundishwa kuchemsha dakika kumi au ishirini. Haihitajiki. Maji yakichemka kwa nguvu, yakatokota kwa dakika moja, yametosha, epua. Dakika zile tisa nyingine ulikuwa unachoma fedha na miti.

Na miti hiyo inatoka wapi? Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, Kisarawe, iliwekwa kuwa hifadhi tangu miaka ya 1940 na 1950, wakati ule ule mitambo yetu ya kwanza ilipokuwa inajengwa. Kwenye vilima hivyo ndiko inakoanzia mito ya Kizinga na Msimbazi. Kwa miaka mingi misitu hiyo imekatwa kwa ajili ya mkaa. Kwa hiyo yuko mama Mbagala anayechemsha maji ya Kizinga kwa mkaa wa mti uliokuwa unaihifadhi Kizinga. Simlaumu. Nasema tu zipo njia nyingine mbili.

Njia ya kwanza ni vidonge vya klorini, kama WaterGuard, vinavyopatikana madukani. Kidonge kimoja cha kawaida kinatosha ndoo ya lita 20 ya maji yaliyo meupe. Soma maelezo ya pakiti, maana vidonge vya saizi nyingine vipo. Funika, ngoja nusu saa ndipo unywe. Maji yakiwa na tope dawa inapotea bure, kwa hiyo tuliza na chuja kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa.

Njia ya pili ni jua, na jua la Kibaha halina bili. Chukua chupa za plastiki zisizo na rangi, zisizozidi lita mbili, zioshe na kuondoa karatasi zake, jaza maji meupe, zilaze juu ya bati kuanzia asubuhi. Kukiwa na jua kali saa sita zinatosha. Kukiwa na mawingu, ziache siku mbili. Siku ya mvua usitegemee njia hii.

Mwisho, funika. Mlandizi wanatumia bomba lililofungwa. Sisi tuna mtungi na ndoo. Maji mengi yanayoua watoto yalikuwa salama yalipoingia ndani ya nyumba, yakachafuliwa na kikombe kilichozamishwa pamoja na vidole. Tumia dumu la mdomo mwembamba, au ndoo yenye koki, au walau kata yenye mpini mrefu isiyotumika kwa kazi nyingine.

Mtoto akianza kuhara, usingoje kesho. Mpe ORS, pakiti moja kwa lita moja ya maji salama, kidogo kidogo baada ya kila choo, na aendelee kunyonya na kula. Usipopata pakiti, weka vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi katika lita moja, vijiko vyote viwe vya kufutwa. Ukizidisha chumvi unamdhuru. Zahanati itampa pia vidonge vya zinki, avimalize siku zote alizoandikiwa hata kama ameshapona. Macho yakididimia, machozi yakikauka, akishindwa kunywa, au choo kikiwa na damu, mkimbize. Choo kikiwa kama maji ya mchele, iwe kwa mtoto au mtu mzima, mkimbize saa hiyo hiyo na utoe taarifa kwa mwenyekiti wa mtaa.

TUHIFADHI NINI?

Watu wakisikia neno urithi hufikiria magofu, msalaba wa Bagamoyo, mbuyu wa misheni. Sijui ni nani aliwahi kusimama mbele ya mtambo wa maji wa zamani akapiga picha. Hata hivyo Maandiko Matakatifu yanavihesabu visima kuwa urithi. Isaka alivifukua upya visima vya baba yake Abrahamu ambavyo Wafilisti walikuwa wamevifukia, akavirudishia majina yale yale. Yule mwanamke Msamaria naye alijivunia kwamba kisima chao waliachiwa na Yakobo.

Isaka hakujenga ukumbusho juu ya visima vile. Alivifukua watu wanywe.

Kwa maoni yangu, vipande vya bomba la 1959 vinavyotolewa vikibadilishwa visiishie vyote kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Kipande kimoja kiwekwe mahali watoto wa shule watakiona, Mlandizi au Kibaha, na waelezwe mchanga unafanya nini. Wapo wazee wachache waliobaki ambao mwaka ule walikuwa watoto au vijana, wakaona mitaro ikichimbwa. Vijana wa VIWAWA, mnaopenda simu zenye kamera, waendeeni wazee hao mwarekodi wanachokumbuka. Vali na visanduku vilivyo katika eneo la kila jumuiya ndogondogo vijulikane, mfuniko ukipotea taarifa ipelekwe DAWASA siku hiyo, na kama haikushughulikiwa ipelekwe tena.

Parokia nazo zina urithi ambao haziutumii, nao ni mapaa. Paa la kanisa lenye upana wa mita 10 na urefu wa mita 20 likinyeshewa mvua ya milimita 20, jambo la kawaida masika, linapokea lita 4,000. Toa zinazorukia nje na za mwanzo zinazoosha vumbi na kinyesi cha ndege, unabaki na zaidi ya lita 3,000. Makanisa yetu mengi yanayaacha maji hayo yachimbe mfereji mlangoni, halafu Jumamosi WAWATA wanabeba ndoo kuja kudeki.

Mto wenyewe nao hautuahidi lolote. Mwishoni mwa mwaka 2022 Ruvu ilipungua sana, na mitambo yake ikakosa maji ya kutosha. Dar es Salaam na Kibaha tuliingia katika mgao mkali. Novemba ya mwaka ule ule ulisainiwa mkataba wa kujenga bwawa la Kidunda, mkoani Morogoro, la lita bilioni 190, ambalo wataalamu walilizungumzia kwa miongo mingi kabla. Bwawa linaweza kuweka maji ya masika yasubiri kiangazi. Haliwezi kuziba mfuniko wa Kongowe.

Nilimweleza yule mama karibu haya yote, kwa ufupi, tukiwa tumesimama pale pale huku dumu lake likijaa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ubaya si wa Mlandizi," alisema. "Ubaya ni wa hapa."

"Ni wa hapa, mama."

Aliyamimina yale maji, akasema atafulia, kisha akaenda kwa jirani mwenye bomba kununua ndoo moja. Nilipopita tena baada ya wiki mbili niliona chupa saba zimelazwa juu ya bati la banda lake la kuku, zinameta. Kisanduku kilikuwa bado hakijapata mfuniko. Watu walikuwa wamekifunika kwa ubao na jiwe.